Siku Kaki ya Baba Ilipogeuka Kijani

Wiki mbili zilizopita nilikuwa na shughuli katika ofisi moja kule Nakasero, mjini Kampala, na mlinzi wa getini akaniomba nifungue mkoba. Alikuwa kijana mpole, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Alivaa kaki iliyopigwa pasi vizuri, na mfuko wa kifuani ulikuwa na kalamu mbili. Niliona kabisa kwamba ni mlinzi tu, hana bunduki, ana rungu na daftari la kuandika wageni. Hata hivyo funguo zilinitoka mkononi zikaanguka chini. Akainama akaniokotea, akasema, "Pole, mama, hakuna shida." Nikacheka kidogo asije akaniona mwehu, nikapita haraka. Yeye ningemweleza nini, na foleni iko nyuma yangu? Wewe nitakueleza, kwa kuwa umekaa.

Tulikuwa tunaishi Kisugu, nyumba ya vyumba viwili yenye ua mdogo nyuma, na ukuta uliotutenganisha na jirani ulikuwa mfupi kiasi kwamba ukiunguza maharage yeye ndiye wa kwanza kukuambia. Sisi ni Wanubi. Mababu zetu walitoka Sudan wakiwa askari wa Mwingereza, wakaoa huku, wakazaa, wakazeeka, na sisi wajukuu tukazaliwa tukakuta jina la uaskari limeshatukaa, utake usitake. Mnubi akiuza vitunguu sokoni, watu walimwona askari anayeuza vitunguu. Serikali zilipobadilika, na askari wa zamani wakawa wa kuwindwa, jambo hilo liliacha kuwa mzaha. Vita vya themanini na sita vilipokwisha watu wengi mjini walipumua, na sisi pia tulitaka kupumua, ila tulikuwa tunasikiliza kwanza.

Utoto wangu wa miaka ile ulikuwa wa kusikiliza. Nilijua mlio wa lori la matofali na mlio wa lori la watu. Nilijua mbwa wa jirani akibweka kwa ajili ya paka na akibweka kwa ajili ya mgeni. Nilikuwa na miaka tisa, na kila jioni kabla ya chakula nilihesabu watu wa nyumba yetu kimoyomoyo: baba, mama, Haboba, mimi. Haboba ndivyo Wanubi tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama yake baba. Hesabu ikitimia ndipo nilipoweza kumeza.

Zamani hesabu ilikuwa ya watu watano. Baba mdogo, kitinda mimba wa Haboba, alichukuliwa kabla vita havijaisha, katika ile tuliyoiita panda gari. Askari wanazunguka mtaa, wanasema panda gari, unapanda, basi. Alikuwa amesimama barabarani na wenzake, amevaa koti la kaki alilonunua mitumbani. Hakurudi, na hakuna aliyetuonyesha alipolazwa. Baba alisema walichukuliwa wote waliokuwa pale, wa kaki na wa shati jeupe. Haboba hakukubali. Kwake yeye, koti lile ndilo lililompeleka mwanawe.

Sasa nikuambie juu ya baba. Baba alikuwa tarishi. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua na mafaili kutoka ofisi moja hadi nyingine, na aliifanya kana kwamba ofisi zote za Nakasero zingelala bila yeye. Ofisi ilimpa sare mbili za kaki, suruali na shati lenye mifuko miwili ya kufunika kwa kifungo na vile vipande vya begani. Moja alivaa, nyingine ilifuliwa. Mama aliipiga wanga wa muhogo, kisha pasi ya mkaa, mpaka ile suruali ikaweza karibu kusimama peke yake. Asubuhi baba akipita na baiskeli, kitambaa kinafanya kwara kwara, na akina mama wa mtaani wakimwona walijua ni saa moja kasorobo, wanawasukuma watoto kwenda shule. Mimi nilisimama mlangoni nikimtazama mpaka kona, nikiona fahari ambayo siwezi hata leo kuisema vizuri.

Haboba alikuwa akimtazama pia, lakini mdomo wake ulikuwa unasoma dua.

Yeye alikuwa mjane wa askari. Babu alikuwa amevaa kaki ya Mwingereza tangu ujana, kaptula pana na soksi za kufika magotini, akaenda nayo vitani, akarudi nayo. Katika macho ya Haboba askari ni kaki na kaki ni askari, kama vile chai ni moto. Kwamba majeshi siku hizi yanavaa kijani na mabakamabaka, aliliona kwa macho yake, ila halikumwingia.

Jioni moja ya Alhamisi mwenyekiti wa mtaa alipita na kipaza sauti. Alikuwa mtu mwema, mwenye tumbo na baiskeli ndogo. "Banange, jamani, musikie," akatangaza. "Kila mutu mwenye nguo ya jeshi ndani ya nyumba, alete kwangu mbele ya Jumamosi. Jumamosi maaskari wanakuja kutafuta. Watakayemukuta nayo, hiyo shauri yake mwenyewe."

Tulikuwa tunakula gurusa, zile chapati zetu nyembamba, na mchuzi wa nyama kavu. Mikono ikasimama kwenye sinia. Haboba akatazama kamba ya nguo uani, ambako sare ya baba ilikuwa inaning'inia, kisha akamtazama baba.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Sisi hatuna."

"Na ile pale?"

Baba akacheka, akakaziwa jicho, akaacha kucheka. Akaanza kumweleza kwa upole, akihesabu kwa vidole vilivyo na mchuzi. Wavulana wa shule wanavaa kaki. Wafagiaji wa manispaa wanavaa kaki. Mlinzi wa duka la Mhindi, dereva wa gari la ofisi, wabeba wagonjwa wa hospitali ya Mulago, wote kaki. "Kaki ni nguo ya kazi, mama. Mtu yeyote akiajiriwa anapewa. Ya jeshi ni ile kijani, na huwezi kupewa bila kuapa na kubeba bunduki. Hivi ni vitu viwili."

"Baba yako alikuwa anafagia manispaa?" Haboba akauliza.

"Siku zile zilikuwa nyingine."

"Na mdogo wako? Koti lake lilikuwa la manispaa?"

Baba akaondoa mkono kwenye sinia. Akanawa mikono. Nakumbuka nilitaka sana aseme kitu, chochote, ili yule bibi asiwe na neno la mwisho, maana neno lake lilikuwa limeniingia tumboni pamoja na chakula.

Jumamosi baba alikwenda kazini kama kawaida, nusu siku. Mama alikuwa Mulago tangu jana yake akimwuguza dada yake aliyelazwa. Tukabaki mimi na Haboba. Mara tu baiskeli ilipokata kona, aliniambia niwashe moto wa kuni uani na nilete lile sufuria kubwa la rangi.

Lazima nieleze hilo sufuria. Haboba alisuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya ukindu ambavyo nyumba ya Kinubi haikosi, na rangi alitia mwenyewe. Alinunua rangi ya unga, akaichemsha na chumvi, akatumbukiza ukindu mweupe, na ukatoka mwekundu, zambarau, bluu, rangi za kukufanya utabasamu. Wanawake wa kutoka mbali waliagiza kwake. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini mkono wake ulijua kipimo, na hakukosea hata siku moja.

Akaitoa sare ya baba kwenye kamba. "Leo tunaitoa jeshini," akasema. "Tunaitia bluu. Bluu ni ya raia."

Nilijua haikuwa sawa. Nilijua baba angekasirika. Lakini pia nilikuwa nimelala vibaya siku mbili, nikimwona baba kwenye lori, na wazo la kaki kupotea kabisa ndani ya maji ya bluu lilinipa raha. Nikachochea kuni. Nikakoroga kwa mwiko wa zamani, mvuke ukiniingia machoni, harufu ya chumvi na nguo iliyochemka. Haboba alikuwa anaimba polepole. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu vita kumsikia akiimba.

Tulipoitoa ilikuwa nyeusi kwa maji. Haboba akaikamua, akaianika, shati upande huu, suruali upande ule. Haboba akaingia ndani kusali sala ya dhuha na kupumzisha mgongo. Mimi nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikitazama nguo ikikauka.

Kwanza zilikauka kola na vipande vya begani. Nikadhani ni jua. Nikainuka, nikasogea, nikarudi nyuma. Haikuwa bluu. Ukindu ni mweupe, nao hupokea rangi unayoupa, lakini kaki ina umanjano wake ndani, na umanjano huo ulikuwa umeipokea bluu ukaigeuza. Shati la baba lilikuwa kijani. Kijani kile kile, cha majani makavu, kilichopita barabarani juu ya malori, tena lina mifuko miwili ya vifungo na vipande vya begani. Dada yangu, kaka yangu, nikuambie nini? Kamba yetu ilikuwa imemwanika askari mzima.

Nilitaka kuita. Nilikuwa natafuta jinsi ya kumwambia Haboba bila kumwua kwa hofu, nikasikia lori. Halikuwa la matofali. Mbwa wa jirani akabweka, kisha akanyamaza ghafla.

Wangekuja wakati wowote siku ile, na sisi tulikuwa tumeambiwa. Niliruka kuivuta ile nguo, kamba ikawa juu mno. Nikakimbilia kinu nikisogeze, kikawa kizito. Waliingia watatu, buti za mpira, bunduki begani, na nyuma yao mwenyekiti akifuta jasho. Kiongozi wao alikuwa mwembamba, macho yamechoka. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kamba, akashika mkono wa shati kwa vidole viwili.

"Hii iko ya nani?"

Uani nilikuwa mimi tu.

"Mutoto, nakuuliza. Iko ya baba yako?"

Nikasema, "Sijui."

Hata sasa nikilitamka neno hilo naona aibu. Nilidhani nikisema sijui, baba atakuwa hayumo. Yule kiongozi akaliminya lile shati kwa vidole. "Wewe unakaa hapa na haujui? Nguo iko na maji bado." Akamgeukia mwenzake wakaangaliana, na nikaelewa kwamba nilichofanya ni kuifanya nguo ya tarishi iwe siri.

Haboba akatoka ndani, bado na vazi la sala. Alipoona watu alisimama wima, akasema, "Iko yangu."

Mmoja wa wale vijana akacheka. "Mama muzee, wewe nafanya kazi gani na suruali?"

Na wakati huo huo geti likalia, baba akaingia akisukuma baiskeli. Alikuwa ndani ya ile sare nyingine, kaki safi, mfuko wa nyama umening'inia kwenye usukani. Kiongozi akaliondoa shati kwenye kamba, akamwendea, akambandikia kifuani. Mabega yakalingana. Mifuko ikalingana na mifuko. Hata kifungo cha tatu, ambacho mama alikibadilisha kwenye mashati yote mawili, kililingana.

"Vua viatu. Kaa chini."

Baba akavua viatu, akakaa kwenye udongo wetu, miguu mbele. Sikuwahi kumwona baba ameketi hivyo. Akalitazama shati kwa muda mrefu, akaniangalia mimi, akamwangalia Haboba na mikono yake iliyokuwa ya bluu mpaka viwikoni.

"Afande," akasema, "nilikuwa na shati kama hili nililovaa. Asubuhi nilipotoka lilikuwa kaki."

"Na mchana limeingia jeshi lenyewe?"

Haboba akapiga ukelele. Akaanza kusema upesi upesi, kumbe anasema Kinubi, kitu ambacho baba alikuwa ametukataza kabisa mbele ya bunduki. Uso wa kiongozi ukabadilika. "Nyinyi Wanubi?" akauliza. Mwenyekiti akatazama ardhi. Jibu lilikuwa limekwisha kusemwa. Nje lori lilikuwa linanguruma bila kuzimwa, na mimi nilikuwa nahesabu: baba, mama, Haboba, mimi. Nikarudia kwa baba, nikashindwa kuendelea.

Basi nikasikia viatu vya malapa. Jirani yetu wa ule ukuta mfupi, fundi cherehani, mama mmoja Mkenya, Mkristo kutoka Kakamega, alikuwa akipita upande wetu na utepe wa kupimia shingoni, pini zimebaki mdomoni. Huyu ndiye aliyewashonea kaptula wavulana wote wa shule yetu. Alizitoa pini moja moja akazichomeka kwenye gauni. Ya mwisho ilimchoma kidole na hakuijali, ndivyo nilivyojua kwamba hata yeye alikuwa anaogopa.

"Afande, nisamehe. Hiyo nguo naijua. Hebu niruhusu niishike."

"Mama, rudi kwako."

"Nitarudi. Lakini angalia mshono kwanza. Angalia tu uzi."

Akalishika shati akaligeuza ndani nje, akamwekea kiongozi mshono wa ubavuni karibu na macho. Kitambaa kilikuwa kijani. Uzi ulikuwa kaki, mstari mmoja wa rangi ya mchanga toka kwapani mpaka chini. "Kitambaa ni pamba, kinakunywa rangi," akasema, sasa haraka. "Uzi wa siku hizi ni nailoni, haunywi. Nguo ya jeshi inashonwa na uzi wa jeshi, kijani kwa kijani. Hii imeshonwa kaki ikapikwa. Nipe wembe nikuonyeshe."

Kiongozi akatoa kisu chake mwenyewe. Akafumua pindo la chini. Ndani ya mkunjo, ambako rangi haikufika sawasawa, kulikuwa na kaki, safi kama ilivyotoka dukani. Akafumua na pindo la suruali. Akashika mikono ya Haboba akaigeuza viganja juu, akatazama ile bluu. Kisha akachungulia sufuria.

Akarudisha kisu kwenye ala yake.

"Mama muzee," akasema mwishowe, "kaki haiko ya jeshi. Kaki watoto ya shule navaa. Hii ndiyo ya jeshi," akapiga mkono wake mwenyewe. "Yeye alikuwa na nguo ya kazi, bila shida. Wewe ndiyo umemwandika jeshi."

Akamwambia baba avae viatu. Ile sare ya kijani akaikunja akaondoka nayo, akisema haiwezi kubaki mtaani na rangi ile. Lori likaenda. Mwenyekiti akabaki kidogo, akaomba maji, akanywa vikombe viwili. Fundi cherehani aliketi juu ya kinu akalia, na Haboba akamshika kichwa akakiweka tumboni mwake, akalia pia.

Baba hakumgombeza mama yake. Nilingojea wiki nzima. Lakini mambo yalibadilika bila mtu kutangaza. Jumatatu alitoka na shati la kawaida, sare iko kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya baiskeli, akaibadilishia ofisini. Akafanya hivyo mpaka alipostaafu. Akina mama wa mtaani wakapoteza saa yao. Haboba aliendelea kusuka, ila sufuria lilifanywa la kuogea, na tabaga zake zikatoka nyeupe tupu. Wateja wakadhani ni uzee. Alifariki miaka minne baadaye, na Kinubi kikapungua nyumbani kwetu kwa nusu. Fundi cherehani alirudi kwao. Ule ukuta mfupi umebomolewa, na pale uani kuna ghorofa ya kupangisha ambayo wapangaji wake hawajuani majina.

Mimi nilibaki na lile neno langu. Nililibeba sekondari, nikalibeba katika ndoa. Siku za mwisho za baba, alipokuwa hawezi tena kuinuka, nilikuwa namlisha uji, nikaweka kijiko chini nikamwambia. Nikamwambia kwamba yule askari aliniuliza kama nguo ni yake, na mimi nikasema sijui.

Akajifuta uji mdomoni. Akasema, "Ulisema kweli, mwanangu. Hata mimi nilipoingia pale getini sikuijua."

Akafungua mdomo apewe uji. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa, au alinihurumia tu. Aliyeweza kuniambia ni yeye, na siku ile niliona haya kumwuliza mara ya pili.